Flekainaidi na panya asiye na kalsikwestrini: uchambuzi wa kisa cha dawa moja katika maradhi mawili ya mapigo ya moyo

Aprili 1989, jaribio la tiba lililojulikana kama CAST lilisimamisha matumizi ya flekainaidi na enkainaidi, dawa za kutuliza mapigo ya moyo, kabla ya muda uliopangwa. Wagonjwa waliohusika walikuwa wamenusurika shambulio la moyo, na ECG zao, yaani michoro ya umeme wa moyo, ziliendelea kuonyesha mapigo ya ziada ya ventrikali, chemba kubwa za chini za moyo. Hoja ya jaribio ilikuwa nyepesi kueleweka: mapigo hayo hutangulia kifo cha ghafla, basi ukiyafuta utaokoa maisha. Dawa ziliyafuta kweli. Lakini takwimu kamili zilipochapishwa mwaka 1991, kati ya wagonjwa 755 waliopewa mojawapo ya dawa hizo walikuwa wamekufa 63, na kati ya 743 waliopewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, walikuwa wamekufa 26.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 2009, flekainaidi hiyohiyo ilitajwa katika jarida la Nature Medicine kuwa inazuia ugonjwa mwingine wa mapigo ya moyo, ugonjwa wa kurithi uitwao kwa kifupi CPVT. Ushahidi ulitoka kwa panya waliozimwa jeni moja na kwa wagonjwa wawili. Leo dawa hiyo ni sehemu ya kawaida ya matibabu ya CPVT.

Mnyama aliyeleta mabadiliko haya, panya mdogo wa maabara, ndiye anayetiliwa shaka kuliko wote katika utafiti wa umeme wa moyo, na shaka hiyo ina sababu za kutosha. Kwa hiyo kuna maswali mawili yanayokwenda pamoja: kwa nini dawa iliyoua kundi moja la wagonjwa iwalinde wengine, na kwa nini safari hii panya alisema kweli? Jibu la yote mawili linaanzia kwenye kalsiamu.

Ugonjwa wenyewe

CPVT ni mapigo ya kasi ya ventrikali, yenye maumbo yanayobadilikabadilika, yanayochochewa na adrenalini. Mgonjwa wa kawaida ni mtoto au kijana. Moyo wake ukitazamwa kwa altrasaundi hauna kasoro, na ECG ya kupumzika ni safi. Anakimbia, anaogelea au anashtushwa na jambo, kisha anazirai. Wengi hutibiwa kifafa kwanza, tena kwa miaka, kwa sababu ECG iliyopimwa wakiwa wamelala kitandani haikuonyesha chochote.

Kipimo kinachoufichua ni mashine ya kukimbilia. Mapigo yanapofika takriban 110 hadi 130 kwa dakika, huanza pigo moja moja la ziada, kisha yanakuja kwa zamu na mapigo ya kawaida, kisha mawili mawili mfululizo. Akiendelea kukimbia, unaweza kutokea mfululizo ambao wimbi moja la QRS, alama ya umeme kupita kwenye ventrikali, linaelekea juu na linalofuata linaelekea chini, juu, chini, kwa kupokezana. Mchoro huo wa pande mbili ni alama ya ugonjwa, ingawa si kila mgonjwa anao. Akisimama, mapigo ya ziada hupungua na kutoweka kwa mpangilio wa kinyume.

Mwaka 2001 jeni mbili zilitambuliwa. Ya kwanza ni RYR2, inayotengeneza chaneli ya rianodini. Hii ndiyo inayohusika kwa wagonjwa wengi, na nakala moja yenye kasoro inatosha kuleta ugonjwa. Ya pili ni CASQ2, inayotengeneza protini ya kalsikwestrini. Ilipatikana katika familia za Wabedui nchini Israeli, na hapo sharti mtoto arithi kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama.

Protini hizi mbili zinafanya kazi mahali pamoja. Ndani ya kila seli ya misuli ya moyo kuna ghala la kalsiamu. Umeme unapopita kwenye utando wa nje, kalsiamu kidogo inaingia kutoka nje na kufungua mlango wa ghala, ambao ndio chaneli ya rianodini, kwa kifupi RyR2. Kalsiamu nyingi inamwagika, seli inajikunja, kisha pampu inairudisha ndani. Kalsikwestrini imo ndani ya ghala: inaishika kalsiamu isielee ovyo na inasaidia mlango ubaki umefungwa kati ya pigo na pigo. Adrenalini huichapua pampu, ghala linajaa kupita kiasi, na mlango wenye kasoro, au uliopoteza msaidizi wake, unavuja bila kuitwa.

Kalsiamu iliyovuja haina njia kubwa ya kutoka ila kupitia kibadilishaji kwenye utando wa nje, kinachotoa ayoni moja ya kalsiamu na kuingiza tatu za sodiamu. Hesabu ya chaji ni wazi: mbili chanya zinatoka, tatu chanya zinaingia. Utando unasukumwa kuelekea kiwango cha kuwaka. Ukikifikia, chaneli za sodiamu zinafunguka na pigo lisilotakiwa linazaliwa. Hatua hiyo ya mwisho, ya sodiamu, ikumbukwe. Ndiyo iliyozua ubishi unaoelezwa hapo chini.

Panya anafaa wapi, na wapi hafai

Moyo wa panya mzima hupiga mara 500 hadi 700 kwa dakika, na una uzito wa chini ya gramu 0.2. Umeme wa seli yake hupanda na kushuka ndani ya makumi machache ya milisekunde, bila ule uwanda mrefu unaoonekana kwa binadamu, ambao hufikia takriban milisekunde 300. Mikondo ya potasiamu inayoizimisha seli ya panya ni mingine kabisa: ule mkondo wa hERG, unaozibwa na dawa nyingi na hivyo kurefusha QT ya binadamu, yaani muda wa ventrikali kuwaka na kutulia kwenye ECG, kwa panya mzima karibu haupo. Ndiyo maana mtafiti wa ugonjwa wa QT ndefu anayetegemea panya peke yake anapoteza muda. Kwake sungura ni bora, au mbwa. Kwa mtetemo wa muda mrefu wa atria, chemba za juu za moyo, mbuzi na mbwa wana atria kubwa za kutosha kubeba mawimbi kadhaa kwa wakati mmoja. Atria ya panya ni finyu mno.

Lakini CPVT haianzii kwenye mikondo ya potasiamu. Inaanzia kwenye ghala, na hapo panya ana sifa ambayo kwa kazi nyingine huhesabiwa kuwa dosari. Katika seli za panya, zaidi ya asilimia 90 ya kalsiamu inayotumika katika kila pigo hurudishwa kwenye ghala, na sehemu ndogo tu hutoka nje kwa kibadilishaji. Kwa sungura ni takriban asilimia 70 kwa 28, na binadamu yuko karibu na sungura. Maana yake ni kwamba moyo wa panya unaishi kwa ghala lake. Ukiharibu mlango, athari inajitokeza kwa nguvu, wakati mwingine kwa nguvu kuliko kwa binadamu. Mtu akiuliza "je, dawa hii inatuliza mlango unaovuja?", panya anajibu vizuri. Akiuliza "je, itarefusha QT?", panya hana la kusema.

Panya waliotumika zaidi ni wa aina mbili. Aina ya kwanza, iliyoelezwa mwaka 2005, ina badiliko la R4496C kwenye RyR2, linalolingana na badiliko la R4497C la binadamu. Aina ya pili, ya mwaka 2006, haina kalsikwestrini kabisa. Kinyume na matarajio, panya hawa wa pili wanaishi, wanazaa, na misuli ya moyo inajikunja karibu sawa na kawaida. Seli zao zimefidia kwa kuongeza ujazo wa ghala kwa takriban nusu. Wakipumzika, hawana shida kubwa. Wakipewa kichocheo cha adrenalini, mchoro wa CPVT unatokea palepale. Kwa modeli ya ugonjwa huu sifa hiyo ni ya thamani, kwa sababu mnyama anayevurugika mapigo muda wote hakuonyeshi ugonjwa unaoamka kwa adrenalini.

Panya wa R4496C walisaidia pia kujibu swali la chanzo. Picha za umeme wa moyo mzima zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba mapigo ya pande mbili yanatoka kwenye nyuzi za Purkinje, zile zinazosambaza umeme, yakipokezana kati ya ventrikali ya kulia na ya kushoto. Watafiti walipoosha ukuta wa ndani wa ventrikali ya kulia kwa mchanganyiko wa Lugol, ambao ni iodini inayoua tabaka hilo jembamba, mapigo ya kupokezana yaligeuka kuwa ya umbo moja: chanzo kimoja kilikuwa kimekufa, kingine kimebaki.

Kumpima panya: vipimo, na mahali mambo yanapoharibika

Panya wa gramu 25 analazwa kwa nusukaputi ya isoflureni, ikishushwa hadi asilimia 1 hadi 1.5 baada ya usingizi kukaa sawa. Sindano nyembamba za ECG huwekwa chini ya ngozi ya miguu, mwili kwenye kitanda chenye joto, kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa. Dakika 5 za mwanzo ni za kurekodi bila kugusa chochote. Kisha dawa inayopimwa, au maji yake matupu, huchomwa ndani ya tumbo. Baada ya dakika 15 hadi 20 kinafuata kichocheo, na kurekodi kunaendelea kwa dakika 20 hadi 30.

Vichocheo vya kawaida ni viwili. Kimoja ni isoproterenoli, dawa inayofanya kazi kama adrenalini, takriban miligramu 1.5 hadi 3 kwa kilo. Kingine, kikali zaidi, ni adrenalini miligramu 2 kwa kilo pamoja na kafeini miligramu 120 kwa kilo. Kwa panya wetu wa gramu 25 hiyo ni mikrogramu 50 za adrenalini na miligramu 3 za kafeini. Kafeini hufungua RyR2 moja kwa moja, kwa hiyo hata panya wasio na kasoro wanaweza kutoa pigo moja moja la ziada. Bila ndugu zao wa uzao mmoja wenye jeni nzima, waliopimwa siku zilezile, alama ndogo haina maana yoyote. Adrenalini na isoproterenoli huungua kwa hewa na mwanga. Maji yakianza kuwa ya waridi, yamwagwe. Yatengenezwe siku hiyohiyo, yakae kwenye barafu, yafunikwe.

Flekainaidi hutolewa miligramu 20 kwa kilo, yaani miligramu 0.5 kwa panya huyo. Ukichoma mililita 10 kwa kilo, ujazo ni mililita 0.25, na dawa inatakiwa iwe miligramu 2 kwa mililita. Hapa ndipo wengi wanaponaswa: flekainaidi haipatani na kloraidi. Ikichanganywa kwenye salaini (maji ya chumvi) kidogo inaweza kutoa mashapo. Maelekezo ya dawa ya sindano ya binadamu yanataka glukosi ya asilimia 5, na yanaonya kwamba ikibidi kutumia maji yenye kloraidi ujazo usipungue mililita 500. Panya anayechomwa mchanganyiko wenye mashapo anapata dozi isiyojulikana, na matokeo yake hutawanyika kiasi cha kumfanya mtafiti alaumu aina ya panya.

Kuna njia rahisi ya kujua kama dawa imefika. Flekainaidi huziba chaneli za sodiamu, kwa hiyo baada ya dakika chache PR (muda wa umeme kutoka atria hadi ventrikali) na QRS hupanuka kidogo. Kwa panya ambaye QRS yake haikusogea kabisa, yawezekana sindano iliingia kwenye utumbo au kibofu. Aandikwe hivyo kabla mtu hajaona mapigo yake ya ziada, kwa kigezo kilichowekwa mapema, si baada ya matokeo kumchukiza mtu.

Alama hutolewa kwa hatua: 0 hakuna pigo la ziada, 1 pigo moja moja, 2 mapigo ya zamu, 3 mapigo mawili mfululizo, 4 matatu au zaidi mfululizo. Anayesoma mchoro asijue panya yupi alipewa nini. Panya mmoja anaweza kupimwa mara mbili, mara moja kwa dawa na mara moja bila dawa, kwa mpangilio wa bahati nasibu na pengo la wiki moja katikati. Hiyo hupunguza idadi ya wanyama na kuondoa tofauti ya mnyama kwa mnyama. Kupunguza idadi ni wajibu wa kimaadili, lakini kuna mpaka wake: kundi la panya wanne lisiloweza kutofautisha chochote limewapoteza wote wanne bure.

Makosa makubwa ya kipimo hiki ni ya joto na kasi. Panya aliyelala usingizi hupoteza joto upesi. Akishuka hadi nyuzi 33, mapigo yanapungua na uvujaji wa kalsiamu unabadilika, na kundi lililopimwa asubuhi kabla kitanda hakijapata moto litaonekana limetibiwa. Kasi ya mapigo ina ujanja zaidi. Pigo lisilotakiwa linahitaji nafasi kati ya mapigo mawili ya kawaida ili liwahi kufikia kiwango cha kuwaka. Kituo kikuu cha moyo kikiharakisha, nafasi hiyo inabanwa. Mwaka 2013 ilionyeshwa, kwa panya na kwa wagonjwa, kwamba kuongeza kasi ya mapigo ya kawaida peke yake kunaweza kuzuia CPVT. Kwa hiyo ripoti inayotoa alama bila kutoa kasi ya mapigo ya kila kundi haijakamilika. Huwezi kujua kama dawa ilifunga mlango au ilibadilisha kasi tu. Adrenalini nayo hupandisha shinikizo la damu na kuamsha breki ya neva ya vagasi, hivyo mapigo yanaweza kushuka katikati ya kichocheo. Isoproterenoli haifanyi hivyo kwa namna hiyo. Matokeo ya vichocheo hivi viwili yasiwekwe kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Nusukaputi yenyewe si shahidi asiye na upande. Isoflureni hugusa usafirishaji wa kalsiamu. Ketamini huchochea mfumo wa adrenalini. Anayetaka kuwa na uhakika hupandikiza kisambazaji kidogo cha redio chini ya ngozi, anamwacha panya apone kwa wiki moja au zaidi, kisha anampima akiwa macho, akikimbia kwenye mkanda. Kazi hiyo ni ghali na polepole, ila ndiyo inayofanana na mgonjwa.

Ndani ya seli: ubishi wa milango miwili

Alama za ECG zinasema dawa inafanya kazi. Hazisemi kwa njia gani. Kwa hilo seli hutenganishwa kwa kimeng'enya cha kolajenezi, hujazwa rangi inayong'aa kalsiamu inapopanda, huchochewa kwa umeme mbele ya isoproterenoli, kisha umeme unasimamishwa na mtafiti anahesabu mawimbi ya kalsiamu yanayoibuka yenyewe. Seli za panya wasio na kalsikwestrini hutoa mawimbi mengi. Flekainaidi iliyapunguza.

Ulinganisho uliofungua macho ulikuwa na tetrakaini, dawa ya ganzi ambayo nayo hufunga RyR2. Tetrakaini ilizuia mawimbi kwa muda mfupi, kisha yakarudi. Sababu inaeleweka: ukifunga mlango moja kwa moja, pampu inaendelea kujaza, ghala linazidi kujaa, na mwisho mlango unasukumwa wazi. Flekainaidi hukamata chaneli ikiwa imefunguka na kuifupishia muda wa kubaki wazi. Kila uvujaji unakuwa mdogo na haufikii jirani zake kuwa wimbi, na kiasi cha kalsiamu ghalani hakipandi. Hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo mwanafamasia anapaswa kuirudia mara mbili: dawa mbili zinafunga mlango uleule, matokeo yako mbalimbali, kwa sababu ya wakati ambao kila moja inashika.

Dawa nyingine za kundi la flekainaidi nazo zilipimwa mwaka 2011. Prokainamidi na lidokaini, zinazoziba sodiamu lakini si RyR2 kwa kiasi cha maana, hazikufua dafu. Propafenoni, iliyo karibu na flekainaidi kwa athari yake kwenye RyR2, ilisaidia.

Hata hivyo hoja haikupita bila kupingwa. Mwaka huohuo wa 2011 maabara nyingine, ikitumia panya wa R4496C, ilikuta flekainaidi inazuia mapigo mabaya bila kubadilisha uvujaji wa kalsiamu. Kwao dawa ilikuwa imeinua kiwango cha kuwaka kwa kuziba sodiamu. Mwaka 2015 kundi jingine lilipima chaneli za RyR2 kwenye utando bandia na kusema flekainaidi haizibi mtiririko wa kalsiamu unaotoka ghalani kuja kwenye seli, ambao ndio mwelekeo wenye maana. Kulikuwa pia na tatizo la namba: kwenye utando bandia dawa ilihitaji takriban mikromola 15 kuziba nusu, ilhali damu ya mgonjwa anayetibiwa ina mikrogramu 0.2 hadi 1 kwa mililita, ambayo ni takriban mikromola 0.5 hadi 2.4.

Jibu lenye nguvu lilikuja mwaka 2021, na muundo wake ni wa kuigwa. Badala ya kubishana juu ya dawa ileile, watafiti walitengeneza ndugu zake kwa kuongeza kikundi cha methili kwenye naitrojeni. Ndugu hao waliziba sodiamu sawa na flekainaidi, lakini nguvu yao kwa RyR2 ilikuwa imepungua. Kwenye seli zilizotobolewa utando wa nje, ambako chaneli za sodiamu hazina kazi tena, flekainaidi ilipunguza uvujaji kwa viwango vinavyofikiwa kwa wagonjwa. Ndugu zake hawakuupunguza. Ndani ya panya hai, ndugu aliyepimwa hakuzuia mapigo mabaya, ingawa sodiamu ilizibwa kwa kiasi kinacholingana. Kwa maoni yetu jaribio hili linatosha kusema kwamba kwa panya asiye na kalsikwestrini, RyR2 ndiyo shabaha kuu. Kuziba sodiamu huenda kunachangia, na kwa mgonjwa mwenye badiliko la RyR2 uwiano unaweza kuwa tofauti.

Sasa swali la CAST linafunguka. Kwenye moyo wenye kovu, hatari ni umeme unaozunguka kulizunguka kovu. Kuziba sodiamu kunapunguza mwendo wa umeme, na mwendo ukipungua mzunguko unapata muda wa kujikamilisha. Majaribio ya mbwa waliofungwa mshipa wa moyo yalionyesha hivyo mwaka 1995: flekainaidi ilipunguza mwendo kwenye mpaka wa kovu na mizunguko ikadumu. Moyo wa CPVT hauna kovu, na chanzo chake ni uvujaji, hakuna mzunguko. Panya asiye na kovu asingeweza kamwe kuonya juu ya CAST, wala mbwa mwenye kovu asingeweza kugundua faida kwenye CPVT.

Kutoka panya hadi kitandani

Dozi haihamishwi kwa kilo. Kwa kulinganisha eneo la mwili, dozi ya panya huzidishwa kwa 3 na kugawanywa kwa 37: miligramu 20 kwa kilo zinakuwa takriban 1.6, na kwa mtu wa kilo 70 ni kama miligramu 113. Inakaribia kidonge cha miligramu 100 ambacho tayari kilikuwa kinatumika mara mbili kwa siku. Mlingano huo ni wa kuanzia tu. Panya huiondoa dawa upesi. Kwa binadamu inachukua kama saa 20 kupungua nusu, kwa hiyo inajikusanya kwa siku kadhaa kabla ya kutulia.

Faida kubwa ya kisa hiki ilikuwa kwamba dawa ilikwishakuwapo sokoni, na hatari zake zilikuwa zimeandikwa kwa gharama ya CAST. Ndiyo maana wagonjwa wawili wa kwanza waliweza kutibiwa ndani ya utafiti uleule wa panya. Nao hitaji lilikuwapo: beta-bloka, dawa zinazozuia kazi ya adrenalini moyoni, pekee haziwatoshi wote. Utafiti mmoja wa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa na kukuta kwamba kwa miaka 8, zaidi ya 1 kati ya 4 waliokuwa kwenye beta-bloka walipata tukio la moyo. Kifaa cha kushtua moyo nacho kina kitanzi chake: mshtuko unauma, maumivu yanaleta adrenalini, adrenalini inaleta mapigo mabaya mengine.

Mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa 33 walioongezewa flekainaidi yalichapishwa. Kati ya 29 waliopimwa kwa mazoezi kabla na baada, 22 walipata nafuu, 14 kati yao mapigo mabaya yakitoweka kabisa. Dozi iliyofaa kwa watu wazima ilikuwa kati ya miligramu 100 na 300 kwa siku. Mwaka 2017 likaja jaribio la bahati nasibu: wagonjwa 14, kila mmoja akipitia miezi 3 ya flekainaidi na miezi 3 ya plasebo, wote wakibaki kwenye beta-bloka. Alama zilizotumika ni za hatua 0 hadi 4, jamaa wa zile za panya. Kati ya 13 waliomaliza, mapigo ya ziada yalifutika kabisa kwa 11. Alama ya kati ilikuwa 0 kwenye dawa na 2.5 kwenye plasebo.

Panya hakuweza kutabiri mambo kadhaa ya kila siku, na mengi ni ya watoto. Maziwa hupunguza kufyonzwa kwa flekainaidi kwa wachanga, kwa hiyo mtoto anayeachishwa maziwa, au anayeharisha na kusimamishiwa maziwa, anaweza kupanda ghafla hadi kiwango cha sumu kwa dozi ileile. Figo zikidhoofika dawa inakaa. Mtoto akiongezeka uzito, dozi ya mwaka jana inakuwa ndogo. Beta-bloka isiachwe kwa sababu flekainaidi imeongezwa; ushahidi wa jaribio ni wa dawa mbili pamoja.

Ufuatiliaji unahitaji vipimo viwili tofauti, kwa sababu dawa ina kazi mbili. ECG ya kupumzika inaonyesha kazi ya sodiamu: pima QRS kabla ya kidonge cha kwanza, rudia dozi ikishatulia, na ikipanuka kwa asilimia 25 au zaidi, punguza. Haisemi lolote juu ya CPVT, kwa kuwa ilikuwa safi hata kabla ya tiba. Kwa hilo mgonjwa anarudi kwenye mashine ya kukimbilia akiwa ametumia dawa zake zote, na anakimbia hadi achoke, maana mtu aliyesimama mapema kwa mapigo 105 hajafika mahali ambapo ugonjwa wake huanzia.